Mashine ikichukua kazi yetu, tupewe fungu letu: barua ya wazi kwa wenye mamlaka

Waheshimiwa watunga sheria, mawaziri wa kazi na wa fedha, wakurugenzi wa kampuni na wenye hisa,

Nawaandikia nikiwa mfanyakazi wa bohari. Kazi yangu ni kupokea mizigo, kuipanga na kuifunga. Sasa roboti zinaifanya kazi hiyo usiku na mchana. Hazichoki, hazidai likizo wala hazina watoto wa kulipiwa karo. Siwaandikii ili mzizuie. Kazi hii inaumiza viuno na magoti, na yeyote aliyeifanya kwa miaka hawezi kusikitika akiona mzigo wa kilo 50 ukiinuliwa na chuma badala ya mgongo wa mtu. Ninalotaka kuwauliza ni jambo moja. Mzigo bado unabebwa, mteja bado analipa, na bidhaa zinatoka nyingi kuliko zamani. Ule ujira uliokuwa ukitolewa kwa kubeba mzigo huo siku hizi unaishia wapi?

Jibu nalijua, nanyi mnalijua. Unaishia kwenye faida ya mwenye mtambo. Na kwa kuwa sheria za kodi, za kazi na za umiliki mnazitunga nyinyi, mgawanyo huo ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Kila tukilia tunajibiwa kwa neno moja: mafunzo. Mfanyakazi akajifunze ujuzi mpya, atapata kazi mpya. Sikatai kujifunza, na wengi wetu tunasoma usiku baada ya zamu. Lakini tazameni yaliyowapata maopereta wa simu wa Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kila simu iliunganishwa kwa mkono, na kazi hiyo iliwaajiri wasichana wengi mno. Kisha kampuni ya AT&T ikaanza kufunga mitambo inayounganisha simu yenyewe, mji mmoja baada ya mwingine. Wachumi James Feigenbaum na Daniel Gross walifuatilia kumbukumbu za sensa za kati ya 1920 na 1940, wakakuta mambo mawili. Wasichana waliokuja nyuma walipata kazi nyingine, za ukatibu na za mikahawani, kwa hiyo ajira kwa jumla haikuporomoka. Lakini wale waliokuwa tayari kazini mtambo ulipofika, miaka kumi baadaye wengi zaidi kati yao hawakuwa na kazi, au walikuwa kwenye kazi yenye ujira mdogo kuliko ule wa awali. Uchumi ulijirekebisha. Wao hawakurekebishiwa chochote.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza pia. Mwaka 1812 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuwanyonga wafumaji waliovunja mashine, na wanahistoria wengi hupenda kuishia hapo, wakimalizia kwamba hatimaye kila mtu alinufaika. Hiyo "hatimaye" ilichukua muda gani? Kwa takriban miongo minne ya mwanzo ya karne ya 19, kila mfanyakazi wa Uingereza alizalisha zaidi na zaidi huku mshahara wake halisi ukidumaa. Miongo minne ni umri mzima wa kufanya kazi. Mtu aliyeanza kibarua akiwa na miaka 15 alifikisha 55 bila kuiona neema hiyo, na kodi ya nyumba ilikuwa ikidaiwa kila mwezi.

Leo hii roboti za viwandani zinazofanya kazi duniani zimepita milioni 4. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ikinyanyua vyuma vya moto ambavyo mikono ya watu haikustahili kuvigusa. Katika kila mmoja wa miaka 2021, 2022 na 2023 zilifungwa roboti mpya zaidi ya nusu milioni. Wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walipima athari zake Marekani kati ya 1990 na 2007: roboti moja ikiongezeka kwa kila wafanyakazi elfu moja, ujira ulishuka kwa takriban asilimia 0.4, na sehemu ya watu wenye ajira nayo ikapungua. Bado zipo kazi zinazozishinda. Kushona nguo ni mojawapo, maana kitambaa hujikunja na kuteleza, na jicho na vidole vya fundi bado havijapata mpinzani. Wataalamu wanabishana ni kazi ngapi zitakwisha na lini. Waacheni wabishane. Sisi tunaopunguzwa kazini mwezi huu hatuhitaji idadi ya mwaka 2050 ili tujue kuna tatizo.

Sasa niwaeleze ninalolitaka, na nitaanza na watu waliolidai kabla yangu.

Mwaka 1946 wachimba makaa ya mawe wa Marekani, wakiongozwa na John L. Lewis, walikuwa wanaona mashine zikiingia migodini. Lewis hakuzipinga; aliamini kuchimba kwa mkono chini ya ardhi ni mateso. Alichodai ni kwamba kila tani ya makaa inayotoka itoe senti 5 kwenye mfuko wa matibabu na pensheni wa wachimbaji. Kufikia 1952 ilikuwa senti 40 kwa tani. Mfuko huo ulijenga hospitali kumi katika maeneo ya milimani ambako matibabu yalikuwa haba. Tazameni ulivyopangwa: mchango ulihesabiwa kwa tani, haukuhesabiwa kwa vichwa vya wafanyakazi. Mashine ikifanya kazi ya watu kumi, tani ni zile zile, na fedha inaendelea kuingia. Hilo ndilo jambo ambalo mifuko mingi ya hifadhi ya jamii duniani hailifanyi hadi leo. Inakatwa kwenye mishahara. Mishahara ikipungua, mfuko nao unakauka, wakati ule ule ambapo wanaouhitaji wanaongezeka.

Lakini mpango wa wachimbaji ulikuwa na tundu, nami sitalificha, kwa sababu nataka tulizibe. Ulitegemea bidhaa moja. Nyumba na reli zilipohamia mafuta na gesi, makaa yakakosa soko. Katika miaka ya 1950 idadi ya wachimbaji ilishuka kutoka zaidi ya laki nne hadi chini ya laki mbili, na mwaka 1960 wasimamizi wa mfuko wakawanyang'anya kadi za matibabu wale waliokaa bila kazi kwa mwaka mmoja. Yaani waliokatwa wa kwanza ni wale wale ambao mashine iliwatoa. Muda si mrefu hospitali nazo zikauzwa.

Makuli wa bandari za magharibi mwa Marekani walijaribu njia yao. Meli ya kontena ya Malcom McLean ilisafiri mara ya kwanza mwaka 1956, na kila kuli mwenye macho alijua kontena moja litaondoa mikono ya wangapi. Mwaka 1960 chama chao, chini ya Harry Bridges, kiliwaruhusu waajiri kuleta mashine zozote wanazotaka. Badala yake waajiri walilipa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu: asiachishwe kazi kuli yeyote aliyesajiliwa kikamilifu, awe na uhakika wa kipato cha chini kila wiki hata meli zikipungua, na anayestaafu aondoke na kiinua mgongo cha maana. Bandari zikawa za kisasa bila familia kutupwa nje. Nao walikuwa na dosari: vibarua wa daraja la pili, waliobeba mizigo ile ile kwenye gati lile lile, hawakuingizwa kwenye fungu hilo. Nikisoma habari zao huwa nawafikiria vibarua wa mabohari yote duniani wanaoletwa na mawakala kwa mkataba wa siku moja.

Hata wanamuziki walilipitia hili, wakati sahani za santuri zilipoanza kuchukua nafasi ya bendi kwenye redio na kumbi. Mwaka 1942 waligoma kurekodi, na mgomo ulipokwisha kampuni zilikubali kulipa kiasi fulani kwa kila rekodi inayouzwa, fedha ikatumika kuwalipa wanamuziki wapige mbele ya umma bila watazamaji kutozwa kiingilio. Waandishi, wachoraji na wafasiri ambao kazi zao zimelishwa kwenye programu za akili unde wana kila sababu ya kuikumbuka hesabu hiyo.

Kwa hiyo, waheshimiwa, wazo lenyewe si geni wala si ndoto. Mashine ikizalisha badala ya mtu, sehemu ya inachozalisha imfuate mtu yule. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Roboti ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwetu, na mpaka sasa anayepona ni mwenye kumleta peke yake.

Tuanze na kodi, kwa maana hapo ndipo serikali zinapowapendelea wenye mitambo pasipo hata kulitamka. Mwajiri akiniajiri mimi, anatozwa juu ya mshahara wangu na michango ya hifadhi ya jamii, nami nakatwa kodi ya mapato. Akinunua roboti, anaruhusiwa kupunguza gharama yake kwenye faida kwa jina la uchakavu, na mara nyingi anaongezewa nafuu kwa jina la kuvutia uwekezaji. Acemoglu na Restrepo, pamoja na Andrea Manera, walikadiria kwamba huko Marekani kazi ya mtu hubeba kodi ya zaidi ya asilimia 25, huku mitambo na programu za kompyuta, baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, zikibeba takriban asilimia 5. Kwa tofauti hiyo kampuni inaweza kumwondoa mtu hata pale ambapo roboti haifanyi kazi vizuri kuliko yeye. Ni hazina ya umma inayolipia kufukuzwa kwetu. Korea Kusini mwaka 2017 ilipunguza nafuu ya kodi iliyokuwa ikitoa kwa wanaonunua mitambo ya kujiendesha. Lichukueni hilo kama hatua ya kuanzia, maana halihitaji chombo kipya wala mtaalamu kutoka nje.

Mwaka huo huo Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kutoza kodi roboti zenyewe. Kwa hilo naliunga mkono kidogo. Roboti ni kitu gani? Mkono wa chuma unaochomelea mlango wa gari unahesabika. Programu inayoandika barua za wateja na kujibu simu haina mkono wala mguu, na inaweza kuondoa watu mia ikiwa imekaa kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine. Tukianza kuhesabu roboti, mawakili watapata kazi kuliko sisi. Hesabuni faida. Kampuni ambayo mapato yake yanapanda huku mishahara inayolipa ikishuka ionekane kwenye vitabu vyake, na itozwe juu ya ile faida iliyozidi.

Fedha hiyo isimezwe na matumizi ya kawaida ya serikali. Iundiwe mfuko wa umma unaonunua hisa katika kampuni zinazotumia mitambo hii, na gawio lake ligawiwe kwa kila mtu. Norway iliunda mfuko wa mafuta mwaka 1990, na leo unamiliki takriban asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa duniani. Jimbo la Alaska liliunda wa kwake mwaka 1976, na tangu 1982 kila mkazi, mtoto kwa mzee, hupokea gawio mara moja kwa mwaka. Mtaniambia mafuta ni mali ya wote kwa kuwa yako ardhini, na roboti ni mali ya aliyeinunua. Naomba mnisikilize hapa.

Kabla roboti hazijaletwa bohari, tulivalishwa vifaa vya mkononi vilivyorekodi kila hatua yetu: tumepita njia gani, tumeinama mara ngapi, rafu ipi inafikiwa haraka kutoka ipi. Miaka ya akili yetu, zile njia za mkato ambazo hakuna bosi aliyetufundisha, imo ndani ya kumbukumbu hizo, na mitambo inapangiwa njia kwa kutumia kumbukumbu za namna hiyo. Programu zinazoandika zimejifunza kutokana na maandishi ya mamilioni ya watu ambao hawakuulizwa. Zinazosoma picha za hospitali zimejifunza kutokana na majibu yaliyoandikwa na madaktari, na picha nyingi zimewekewa alama na vijana wanaolipwa ujira mdogo sana. Mashine hizi zimechimbwa kutoka kwetu. Kama mafuta ya ardhini ni ya wote, iweje maarifa yaliyotoka vichwani mwa wafanyakazi yawe ya mtu mmoja?

Msiogope kwamba gawio litawafanya watu wakae tu. Finland iliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kila mwezi katika miaka ya 2017 na 2018, bila masharti, na hata walipopata kazi hawakunyang'anywa. Walifanya kazi zaidi kidogo ya wenzao waliobaki kwenye utaratibu wa kawaida, na hali zao za afya na akili zilikuwa bora.

Lakini gawio peke yake halinitoshi, na nadhani haliwatoshi wengi. Mtu anataka kazi, anataka kuitwa akihitajika. Kazi hizo zipo tele, ila hazina wa kuzilipia: kulea wazee, kuuguza wagonjwa majumbani, kufundisha watoto kumi darasani badala ya sitini, kukarabati nyumba, kutunza misitu na vyanzo vya maji. Zinalipwa vibaya, au hazilipwi kabisa kwa kuwa zinafanywa na wanawake nyumbani, na hakuna mwekezaji anayezikimbilia kwa sababu faida yake haiingii kwenye akaunti ya mtu. Fungu la mashine lilipe mishahara ya kazi hizo, tena mishahara ya kujikimu, ili dereva au mpanga mizigo akihamia huko asihesabu kwamba ameshuka. Kwangu hili lina uzito kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Suala la saa nitalisema kwa kifupi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa nane kwa siku. Mchumi John Maynard Keynes aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya karne moja saa 15 kwa wiki zingetosha. Mashine alizozitabiri zimekuja, na bado waliobaki kazini wanafanya muda wa ziada huku wenzao wakikaa nyumbani. Wakati wa mtikisiko wa 2009 Ujerumani iliwapunguzia saa wafanyakazi zaidi ya milioni moja badala ya kuwafukuza, na serikali ikafidia sehemu ya ujira uliopotea. Kama inawezekana soko linapoanguka, inawezekana zaidi uzalishaji unapopanda.

Kuna watu ambao yote haya yanaweza kuwapita. Watu takriban bilioni 2 duniani, karibu sita katika kila kumi wanaofanya kazi, wako nje ya ajira rasmi. Hawana mkataba wala mfuko, na jina lao halimo kwenye orodha yoyote. Kati ya wasio na kazi duniani, anayepata mafao ya kukosa ajira ni chini ya mmoja kati ya watano. Zaidi ya hapo, mtu anaweza kupoteza riziki kwa roboti ambayo hajawahi kuiona. Kiwanda cha mbali kikiweka mitambo na kushusha bei, oda zinahama, na cherehani za nchi nyingine zinanyamaza. Kodi ya faida ile inalipwa kule mitambo iliko, kama inalipwa; huku zinabaki funguo za kiwanda kilichofungwa. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe kodi ya faida isiyopungua asilimia 15. Basi mnaweza kukaa meza moja mkikusudia. Kaeni tena, na sehemu ya makusanyo iende kwenye nchi ambazo ajira zimeondoka.

La mwisho ni kuhusu nani anakuwepo pale uamuzi unapofanywa. Asiyekuwepo na lake halipo. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1976, kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wawakilishi wao nusu ya viti vya baraza la usimamizi. Mwenyekiti wa upande wa wenye mali bado ana kura ya kuamua kura zikilingana, lakini angalau mpango wa mitambo hausikiki mara ya kwanza kwenye barua ya kuachishwa kazi. Sisi tulisikia hivyo hivyo, kwa barua, mitambo ikiwa imeshalipiwa.

Nawaomba mambo haya yaingie kwenye sheria kabla ya bajeti ijayo kupitishwa: nafuu za kodi za mitambo zipunguzwe hadi zilingane na mzigo ulio juu ya ajira, mfuko wa umma uanzishwe, wafanyakazi wakiwa na viti kwenye bodi yake na vibarua wakihesabiwa tangu siku ya kwanza, na mwajiri anayekusudia kuondoa watu kwa sababu ya mtambo atoe taarifa miezi kumi na miwili kabla, akionyesha mtambo utaokoa kiasi gani na fungu gani la akiba hiyo litakwenda kwa wanaoondoka. Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi, jibu likitaja kiwango, tarehe ya kuanza na ofisi itakayosimamia.

Kwa heshima,

Mfanyakazi wa bohari